Kikombe cha Mzee wa besi: barua ya wazi kwa viongozi wa kwaya yetu

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Mwalimu wa kwaya yetu, Minnesota.
Nakala kwa uongozi wa Barbershop Harmony Society, chama cha waimbaji wa barbashopu, Nashville, Tennessee.

Ndugu viongozi,

Tangazo lenu nimelisoma. Mmeamua kwamba kuanzia msimu huu mwimbaji bora wa kwaya atakabidhiwa kikombe chenye jina la mzee wetu tuliyemzika Januari. Nia yenu ni njema, sina ugomvi nayo. Naomba tu mlisimamishe jambo hili kabla fundi hajachonga jina, maana kikombe cha mwimbaji bora ndicho kitu ambacho yule mzee asingekipata hata angeishi miaka mia mbili, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo mbele ya watu.

Barua ya Kiingereza mnayo tayari, Katibu aliipokea. Hii naiandika kwa Kiswahili na kuiacha wazi kwa sababu ukarimu wa marehemu haukuishia ukumbini kwetu. Wako Watanzania na Wakenya wengi hapa Saint Paul na Minneapolis waliopanda gari lake wakiwa hawajui hata ofisi ya leseni iko wapi. Nao wana haki ya kujua linaloamuliwa kwa jina lake. Familia imeomba jina lenyewe lisizungushwe hadharani, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama tulivyomwita siku zote sisi tuliotoka Afrika Mashariki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuisikia barbashopu, nieleze kidogo. Ni uimbaji wa sauti nne bila ala yoyote. Katika kwaya zetu za kanisani, wimbo wenyewe huwa juu kabisa, kwa soprano, na wengine huufuata kwa chini. Hapa wimbo hubebwa na sauti ya pili kutoka juu, inayoitwa kiongozi. Teno huimba juu yake kwa wepesi, besi hukaa chini kama msingi, na baritoni huokota nota zilizobaki, nyingine zikiwa za ajabu kiasi kwamba akiimba peke yake utadhani amepotea. Sauti hizo nne zikipatana barabara, husikika sauti ya tano juu yao ambayo hakuna aliyeiimba. Si muujiza, ni sayansi ya mawimbi ya sauti, lakini mara ya kwanza nilipoisikia niligeuka kutazama nani ameingia.

Mzee alikuwa besi, safu ya nyuma, upande wa mlangoni. Alijiunga miaka ya sabini, akiwa bado dereva wa basi la shule, na hakuwahi kuhama pale aliposimama siku ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwalimu, wewe unajua: kila mstari mrefu alikuwa anashuka kidogo kabla haujaisha, na ulikuwa ukimwangalia tu naye anapandisha nyusi kukubali kosa. Nota zake zilikuwa na matatizo, ila hesabu yake ya watu haikukosea. Jumanne kabla ya mazoezi kuanza alikuwa ameshajua nani hayupo, na kabla ya mapumziko alikuwa ameshampigia simu.

Mimi nilikuja huku kutoka Iringa. Wanaofahamu mambo ya Walutheri wanajua kwamba Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul wana undugu wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega, sharika za huku zikiwa na sharika rafiki kule. Kwa njia hiyo nilifika nikiwa na barua ya utambulisho mfukoni na tonika solfa kichwani. Kwaya zetu nyingi hufundishwa hivyo: do re mi, herufi zilizopangwa kwenye mistari, nukta na koloni zikionyesha mapigo. Ukinipa wimbo mgumu kwa solfa nausoma palepale. Ukinipa mistari mitano na vichwa vyeusi vya nota za Kizungu, miaka ile, nilikuwa naona uzio wenye ndege.

Usiku wa kwanza nilipewa furushi la karatasi za namna hiyo. Nilizishika nikatikisa kichwa kwa adabu, nikaamua kutorudi. Mzee alinirudisha nyumbani kwa gari lake, akaniuliza kwa nini sikufungua mdomo. Nikamweleza. Akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akawasha taa ya ndani, akataka nimfundishe solfa palepale, juu ya bahasha. Wiki iliyofuata alinikabidhi furushi lilelile, na chini ya kila nota ya besi palikuwa na herufi yake kwa penseli: d, s, l, t. Nyimbo zote za msimu. Zilikuwa na makosa, hasa mahali wimbo unapobadilisha ufunguo, na tulicheka sana tukisahihisha. Mtu wa miaka zaidi ya sitini alikuwa amejifunza maandishi mapya ya muziki ili mgeni mmoja asimame katika safu ya nyuma.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Pensheni ya dereva wa basi mnaijua. Alivaa koti lilelile miaka yote niliyomfahamu, na gari lake lilikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani tu. Mweka Hazina, kuhusu ada sitasema mengi, kwa sababu wewe unajua kuliko mimi. Bahasha zilizokuwa zikiletwa kila mwisho wa mwaka bila jina la mtoaji, zikiwa na majina ya watu ambao ada zao zilikuwa hazijalipwa, ulizipokea wewe. Mimi la kwangu niliambiwa kwamba limeshashughulikiwa. Nilidhani kwaya ina mfuko. Msibani ndipo tulipoanza kuulizana, huyu akisema na mimi, yule akisema na mimi pia, hadi ikabidi tucheke kwenye matanga ya watu.

Kuna kanda zake pia. Zamani kabla ya simu hizi, alikuwa anajirekodi nyumbani akiimba besi kwa sikio moja, na sauti nyingine tatu alizoziazima kwa wenzake akiziweka kwa sikio la pili. Ukitaka kujifunza, unasikiliza upande wake. Ukitaka kujipima, unaufunga upande wake na kuimba na wale watatu. Leo kwaya nyingi za barbashopu hufundisha hivyo na faili zinatumwa kwa dakika moja. Yeye alikuwa anazinakili kaseti moja baada ya nyingine, anaandika lebo kwa mkono, na kumpelekea nyumbani mtu ambaye hakufika kwa sababu ya ugonjwa au zamu ya usiku.

Tarehe 14 Februari nayo ni yake. Mnajua utaratibu: mtu analipia wimbo, na kundi la watu wanne linamtokea mpenzi wake kazini au nyumbani, suti zimepigwa pasi, ua la waridi mkononi. Mzee hakuwa katika kundi lolote la wanne. Alikuwa dereva. Na baada ya nyimbo zilizolipiwa kwisha, wote wamechoka, koo zimekauka, alikuwa na anwani moja zaidi, mara nyingi ni nyumba ya wazee, mjane ambaye mwaka uliopita mumewe alikuwa ndiye mnunuzi. Mwaka huu tulizunguka bila yeye, na hatukuwa na anwani ya ziada kwa sababu hakuna aliyejua alikuwa anazipata wapi.

Mnakumbuka Machi 2020. Kule Mount Vernon, jimbo la Washington, kwaya moja ilifanya mazoezi tarehe 10 mwezi huo: watu 61 walihudhuria, 53 wakaugua, wawili wakafariki. Baada ya habari ile hakuna mwimbaji aliyehitaji kuambiwa na serikali akae nyumbani. Tukajaribu mtandaoni, lakini sauti huchelewa njiani na barbashopu haivumilii hata nusu ya sekunde. Ndipo tukasikia kwamba huko Virginia kuna watu wanaimba wakiwa ndani ya magari, kila mmoja na maikrofoni yake, sauti zote zinachanganywa na kurushwa kwenye redio za magari hayohayo. Maikrofoni zetu zilinunuliwa na nani? Kitabu cha hesabu kinasema tu mchango. Sisi tuliokuwa kwenye maegesho yale, vioo vimefungwa na pumzi imeganda juu yake, tulijua. Yeye alikaa kwenye gari lake karibu na barabara, akiwaelekeza wanaoingia.

Sasa nije kwenye lililo gumu.

Misimu miwili iliyopita mliamua kwamba kila anayetaka kupanda jukwaani kwenye mashindano ajirekodi peke yake na kutuma, na atakayeshindwa kufikia kiwango asubiri. Naelewa sababu. Majaji wanatoa alama kwa muziki, kwa uonyeshaji na kwa uimbaji wenyewe, na besi mmoja anayeshuka huwavuta wenzake watatu. Mwalimu ameifikisha kwaya mahali ambapo haijawahi kufika. Mimi mwenyewe nilipita na nikafurahi. Rekodi ya Mzee ilirudishwa mara mbili. Mara ya tatu hakutuma. Siku ya safari alifika alfajiri, akapakia maji na makoti kwenye basi, akakaa kiti cha mbele karibu na dereva wakizungumza mambo ya injini njia nzima, na tulipoimba alikuwa ukumbini akishika simu za watu kumi na zaidi ili kila mmoja apate video yake.

Sisemi mlivunja kanuni yoyote. Nasema kwamba tangu hapo utaratibu ule wa mashindano umeingia taratibu katika Jumanne za kawaida. Zamani mtu alikuwa anaingia kutoka barabarani, anasimama karibu na mwenye sauti kama yake, na kabla ya kwenda nyumbani amefundishwa kwa sikio kile kipande kifupi cha kumalizia wimbo, sekunde chache tu, mpaka watu wanne wasiojuana wanapata ile sauti ya tano. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mzee wakati wa mapumziko. Sasa mapumziko yamefutwa ili tupate muda wa kurudia miondoko, na mgeni hupewa fomu na tarehe ya kusikilizwa. Msimu uliopita tulipata wageni kadhaa. Hesabuni waliobaki.

Nimeyaona haya nyumbani pia. Mashindano ya uimbaji ya kanisa yana raha yake, sare mpya, wimbo wa lazima, magari ya kukodi. Nimeona kwaya zikiwapumzisha wazee wao ili zishinde, zikashinda, halafu Jumapili ya kawaida hakuna anayejua nyimbo za msibani.

Mzee alikuwa na hadithi moja aliyomsimulia kila mgeni, ndani ya gari, safari ya kwanza. Haimo katika bahasha yenu ya kuwakaribisha wageni, kwa hiyo naieleza hapa. Chama chetu cha barbashopu kilianzia Tulsa, Oklahoma, Aprili 1938, pale O. C. Cash, mwanasheria wa mambo ya kodi, na Rupert Hall walipowaalika marafiki kuimba kwenye paa la klabu moja ya mjini. Walikipa jina refu la mzaha, kuzidhihaki ofisi za serikali ya Roosevelt zilizokuwa zikijiita kwa herufi tupu. Kilikua upesi mno. Picha waliyoipenda ilikuwa ya wanaume wanne weupe wenye kofia za majani na mashati ya mistari. Lakini uimbaji wenyewe haukuwa umetoka kwao. Mtafiti Lynn Abbott alionyesha mwaka 1992, kwa ushahidi wa magazeti na kumbukumbu za waimbaji, jinsi ulivyoota mizizi miongoni mwa Wamarekani weusi mwishoni mwa karne ya 19: kwa vinyozi, kwenye pembe za mitaa, popote vijana walipokuwa wakingoja zamu. Louis Armstrong akiwa mtoto New Orleans aliimba mitaani katika kundi la wanne kabla hajaishika tarumbeta. Anayejua vibanda vya kinyozi vya Iringa au Kariakoo hatashangaa.

Mwaka 1941 kundi lililoitwa Grand Central Red Caps, wapagazi wanne weusi wa stesheni ya Grand Central, lilishinda mashindano ya jiji la New York. Walipaswa kwenda kwenye mashindano ya taifa huko St. Louis. Chama kikawazuia kwa sababu ya rangi yao. Robert Moses, aliyekuwa mkuu wa bustani za jiji, na Al Smith, gavana wa zamani, walijiuzulu uanachama kwa hasira. Kizuizi chenyewe hakikuondolewa hadi 1963. Wanawake nao walisubiri hadi 2018 ndipo wakakubaliwa kuwa wanachama kamili.

Mzee alikuwa mweupe, mjukuu wa wakulima wa Kinorwe. Hakusimulia habari hii kwa kujipiga kifua wala kwa kuomba msamaha wa niaba. Aliisimulia kama dereva anavyomwonyesha mwanafunzi wake kona mbaya ya barabara. Wale wanne walikuwa wameshinda, alama zao zilikuwepo, na bado mtu alikaa ofisini akaamua nani asimame jukwaani. Baada ya hapo ndipo alikuwa anatoa karatasi za nyimbo. Nilipokuwa na wasiwasi kwamba nitakuwa mtu mweusi pekee katika ukumbi ule, nikijua habari hii niliingia nikiwa na habari kwamba wimbo ni wa kwetu pia.

Sikusudii kulinganisha kurudishwa kwa rekodi ya mzee mmoja na ubaguzi wa rangi, na anayetaka kuisoma barua hii hivyo ataisoma kwa kutaka. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeishi na hadithi ile mdomoni kwa miaka mingi hatumuenzi kwa kikombe cha kumtenga aliye bora na wengine.

Basi ninachoomba ni hiki. Kikombe, kama ni lazima kiwepo, kipeni jina lingine. Fedha zake, pamoja na rambirambi zilizobaki ambazo familia iliziacha mikononi mwenu, ziwe mfuko wa ada. Usiwe na fomu wala kamati ya kuchunguza nani maskini kweli. Mweka Hazina peke yake ajue, kama alivyokuwa akijua. Mimi naanza na ada ya mtu mmoja kwa kila mwaka nitakaokuwa hapa, na wapo wenzangu watatu kutoka kanisa letu la Kiswahili walioahidi vivyo hivyo, ingawa wawili kati yao hawajawahi kuimba nasi hata wimbo mmoja.

Mashindano yabaki na viwango vyake. Ila Jumanne mrudishe mapumziko, robo saa inatosha, na mtu yeyote aliyefika, awe na sauti au hana, afundishwe kipande kimoja kabla hajaondoka. Nafasi ya upande wa mlangoni, safu ya nyuma, asipewe mwenye besi nzito kuliko wote. Apewe anayekubali kupiga simu. Na yeyote ambaye rekodi yake haikupita aambiwe na mtu ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu saa nne usiku.

Kwenu wa Nashville ombi ni fupi. Mwaka 1964 mlichagua kusaidia taasisi ya Wichita, Kansas, iliyowafundisha watoto kuzungumza, na mkawa mnasema kwamba mnaimba ili wao waseme. Nilipoyasikia hayo kwa Mzee niliwapenda kabla sijawajua. Habari ya Red Caps iwafikie wageni wote mahali pote kabla hawajapewa karatasi ya kwanza, isitegemee bahati ya kupata lifti kwa mtu sahihi.

Limebaki jambo la kanda. Mjane wake alinikabidhi masanduku mawili: kaseti zenye lebo zake, na karatasi za besi zilizoandikwa solfa kwa penseli. Kaseti nyingine zimeanza kunata na zinahitaji kuhamishwa kwenye kompyuta mapema, kabla ya joto la kiangazi. Karatasi zinafaa kunakiliwa, maana vijana wawili kutoka Kilolo wameshaniuliza kama wanaweza kuja kuimba na wao pia hawasomi nota za mistari. Masanduku yapo kwangu, chini ya ngazi. Niambieni Jumanne ipi niyalete, na nani atakuwa na ufunguo wa kabati.

Wenu katika uimbaji,
Mwimbaji wa besi, safu ya nyuma